Kila Safari Kiongozi Mmoja

Jina lake la kwenye kitambulisho halikuwa na kazi nyingine zaidi ya kukaa kwenye kitambulisho. Mtaani, chamani na nyumbani aliitwa Bofya, kwa sababu kwa miaka miwili hakuna mtu aliyekutana naye akaachwa aende zake bila kuambiwa abofye kitu. Ukimsalimu, anaitikia salamu huku anakusogezea simu. "Hebu bofya hapo. Siyo hapo, hapo chini. Umeona nini?" Watu walijifunza kumsalimia kwa mbali, mikono wameificha mifukoni.

Kabla ya hapo alikuwa mpokea simu katika hoteli ya nyota tatu, mbili kati ya hizo zikiwa zimechorwa na mwenye hoteli mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwapangia wageni matembezi. Huyu anataka kuingia pangoni, yule anataka baiskeli, wale wanataka kufinyanga vyungu, na mwingine anataka kiti cha mbele kwenye tamasha la muziki la Jumamosi. Bofya anampigia mtembeza wageni, mtembeza wageni anasema, "Sawa dada, walete," naye anawapeleka. Shida ni kwamba mtembeza wageni huyo alikuwa ameshaziambia hoteli nyingine nne maneno hayohayo. Wageni wakifika wanakuta umati kana kwamba kuna unga unagawiwa bure, na wa kutukanwa ni aliyeshika simu. Bofya alitukanwa kwa lugha mbalimbali, nyingine asizozijua hata kidogo, akawa anajibu "karibu tena". Siku moja aliiweka simu chini, akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani na kutangaza kwamba atatengeneza tovuti. Mgeni atachagua matembezi yake mwenyewe, ataona nafasi zilizobaki, atabofya, na kelele zitakwisha. Watu wa nyumbani walikuwa na swali moja tu: na wewe utakula nini?

Nyumbani kwenyewe ni kwa mjomba wake. Huyu mzee, kaka wa marehemu mama yake, alimchukua angali hajui kufunga kamba za viatu, na yeye na mkewe wakamlea, mkono mmoja wa mapenzi na mwingine wa kandambili. Mji mzima ulimwita Mjomba, hata waliomzidi umri. Alikuwa mtembeza wageni wa kwanza kuwaingiza watu pangoni akawatoa wote. Ndiye aliyeanzisha chama cha watembeza wageni, na nusu ya wanachama walijifunza kazi kwa kushika mkanda wake gizani. Aliposikia habari ya tovuti hakuuliza ni nini. Alisema tu, "Mtoto anahitaji meza," akamwachia stoo yake.

Stoo ile ilikuwa na kofia ngumu za pangoni, kamba, taa za kichwani zilizokwisha kufa, na gunia la viatu vya mpira vya mguu wa kushoto. Vya kulia vilikwenda wapi, hakuna aliyewahi kueleza. Katikati ya mali hizo Bofya alijifunza kuandika programu kwa kutazama video za watu wanaosema haraka kama wanaofukuzwa. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mke wa Mjomba akipita na beseni la nguo alikuwa anachungulia.

"Bado unaongea na hicho kioo?"

"Bado, Mama."

"Kinakujibu?"

"Leo kimegoma."

"Kaoge kwanza. Huenda ni harufu."

Lakini mwishowe kioo kilijibu. Tovuti ikasimama, na Bofya akawataka wanachama wote walete picha na maelezo mafupi ya kujitambulisha kwa wageni. Hapo ndipo alipowajua watu aliodhani anawajua. Mmoja alileta picha aliyopiga akiwa darasa la saba, kwa hoja kwamba ndipo alipopendeza. Mwingine aliandika kwamba ni mpole, hanywi pombe na anatafuta mwenza mwenye msimamo. Katibu wa chama, mama mnene wa matembezi ya baiskeli ambaye sauti yake haijawahi kuomba msaada wa kipaza sauti, alileta kurasa nne kuhusu maisha yake na akakataa katakata zipunguzwe.

"Ukikata hapo kwenye ndoa ya kwanza, mgeni hataelewa kwa nini napenda baiskeli," alisema.

Wakakubaliana zibaki kurasa mbili, ndoa ikiwemo.

Mfumo ulikuwa mwepesi. Mgeni anachagua matembezi, siku na saa, na jina la kiongozi linatokea. Kama kundi ni kubwa na linahitaji kiongozi wa pili, mtembeza wageni yeyote mwenye nafasi anabofya kitufe cha Jiunge, naye anaandikwa kwenye safari hiyo. Miezi mitatu ya majaribio ilikwenda vizuri kiasi kwamba Bofya alianza kutembea katikati ya barabara. Kisha akagundua kasoro.

Kila safari ya Mjomba ilikuwa na viongozi wawili. Hata akiwa na wageni wawili tu, mtu na mkewe, viongozi ni wawili. Siku moja alikuwa na mgeni mmoja, mwanamume mpweke wa kupiga picha za popo, na bado viongozi ni wawili. Kwa hiyo kila Mjomba akiingia pangoni, mtembeza wageni mwingine anahesabiwa yuko kazini, wageni wake wanaambiwa nafasi zimejaa, wanakwenda kutumia siku yao kwingine. Bofya hakuwaza kwamba kuna mtu anayebofya Jiunge kwa ajili ya mgeni mmoja; aliona ni programu inayojiandikia majina yenyewe, akaichambua mstari kwa mstari. Alikagua tarehe, akakagua saa, akaitukana seva iliyokuwa nchi nyingine na isiyosikia. Kasoro haikuonekana.

Haikuonekana kwa sababu haikuwepo. Ukweli ulikuwa kitu chepesi, na mji mzima uliujua isipokuwa mwenye kompyuta. Mjomba alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili pole pole, mwaka baada ya mwaka. Ndani ya pango hilo halikuwa tatizo, maana mle gizani hata mwenye macho sita ni sawa na asiye nalo, na Mjomba alikijua kila kijiwe kwa unyayo. Tatizo lilikuwa nje. Jua likimpiga usoni, dunia yote inageuka uji. Mti, mtu, basi, vyote uji mmoja.

Angesema, basi ingekuwa mwisho wake. Kanuni ya chama ilikuwa haina kona: mtembeza wageni asiyeona, asiyesikia au aliyelewa anaondolewa siku hiyohiyo, bila mjadala. Aliyeiandika ni Mjomba mwenyewe, enzi akimwona nzi aliye ng'ambo ya barabara, na wa kwanza kuondolewa nayo alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyekuwa haachi chupa. Sasa kanuni ilikuwa imerudi kumtafuta mwenyewe, na bila pango Mjomba hakujua angeamka asubuhi kwa ajili gani.

Basi watu wakafanya wanavyojua. Hakuna aliyesema kitu, na hakuna aliyemwacha peke yake. Kila akitoka na wageni, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani anajikuta yuko nyuma ya msafara kwa bahati mbaya, ananyoosha miguu. Wakifika nje anasema kwa sauti, "Mjomba, hema letu si lile la kushoto?" naye anajibu kwa ukali, "Kwani nimesema la kulia?" Mambo yanaendelea. Tovuti ilipokuja, wakaona ni adabu kujiandikisha. Nyumbani nako mkewe alikuwa na fani yake. Akiona mzee anaelekea kwenye stuli, anapiga kelele, "Nani kaweka stuli hapa?" ilhali stuli imekaa pale tangu waoane. Bofya alilisikia swali hilo mara nyingi kutoka stoo, akadhani mama wa watu anaanza kuzeeka.

Alimwendea Katibu, akamkuta kainamisha baiskeli anatia mafuta mnyororo.

"Katibu, safari za Mjomba zina kasoro."

Katibu alinyanyuka haraka mno. "Kasoro gani? Nani kalalamika?"

"Hakuna aliyelalamika. Mfumo unaniandikia viongozi wawili."

"Aaa." Katibu akarudi kwenye mnyororo. "Huo ni mtandao. Siku hizi mtandao mbaya sana."

"Mtandao hauwezi kuzaa mtu, Katibu."

"Wewe unao uhakika? Mbona mimi juzi ulinitumia ujumbe mmoja ukafika mara tatu?"

Bofya aliwauliza na wengine, na kila mmoja akasema ni mtandao. Mtandao ulisingiziwa mwezi ule kuliko shetani. Na Bofya, ambaye hakupenda kufundishwa kazi yake na watu wanaoshika simu kwa kidole kimoja, akaamua kwamba kasoro isiyopatikana hutibiwa kwa kuizibia mlango. Aliandika sharti jipya: safari yenye wageni chini ya kumi na tano, kiongozi mmoja tu. Kitufe cha Jiunge kikazimika. Akawatumia wanachama wote tangazo: "Tatizo limetatuliwa. Kila safari kiongozi mmoja. Asanteni kwa uvumilivu." Akaweka na kijipicha cha kucheka.

Hakuna aliyemjibu. Kwa kawaida hata akiandika habari za asubuhi anapata majibu ishirini.

Kesho yake Katibu alikuja mpaka stoo, akakalia gunia la viatu, akasifia kofia ngumu, akasifia kamba.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "hili sharti lako ni zuri. Zuri sana. Lakini si ungeacha kidogo kwa wazee?"

"Wazee gani?"

"Wazee kwa ujumla."

"Katibu, mzee ni mmoja. Na Mjomba ana uzoefu kuliko ninyi nyote mkichanganywa kwenye sufuria. Wa nini kumwekea mlinzi? Si mnamdharau?"

Katibu alifungua mdomo. Mara Mjomba mwenyewe akapita uani akiimba, mkono wake ukigusa ukuta kama mtu anayeupenda tu, na Katibu akaufunga mdomo. Akasema baiskeli yake imeachwa juani. Bofya alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi kwenye kioo chake akiwa na moyo mweupe kabisa.

Siku ya ufunguzi rasmi ikafika, Jumamosi, na tovuti ikajaa. Pango limejaa, baiskeli zimejaa, vyungu vimejaa, tamasha limebaki viti vya nyuma ya nguzo. Kila mtembeza wageni alikuwa na wageni wake na saa yake, na hakuna aliyeweza kunyoosha miguu nyuma ya mtu. Katibu alijaribu. Matembezi yake ya baiskeli, yaliyotangazwa kwamba yanafuata mto, yalipita mbele ya pango mara tatu, mpaka mgeni mmoja akauliza mto wenyewe uko wapi. Mara zote tatu Mjomba alikuwa bado yuko ndani.

Wageni wa Mjomba siku hiyo walikuwa wakunga wastaafu, kumi na mmoja, katika matembezi yao ya mwaka. Ni wanawake wasiotishika na kitu. Pangoni walifurahi mno. Mjomba aliwazimia taa, akawaongoza kwa sauti tu, akawaonyesha pa kushika na pa kuinama, akawasikilizisha tone la maji linavyoanguka chumba cha mbali. Wawili walilia. Mmoja alisema tangu aolewe hajawahi kuwekwa gizani na mwanamume akajisikia salama namna ile.

Kisha wakatoka nje, juani.

Chakula chao kilikuwa kimeandaliwa kwenye hema la bluu. Mjomba aliona uji wenye rangirangi, akasikia vijiko, akawaongoza huko kwa mwendo wa mtu mwenye shamba lake. Lilikuwa hema la kijani, na ndani yake kampuni moja ya saruji ilikuwa inawakirimu wauza saruji wake wa wilaya nzima. Wakunga walikaribishwa. Walikula vizuri, wakapiga makofi kwa hotuba juu ya ubora wa zege, na ilipochezeshwa bahati nasibu mmoja wao akashinda mifuko miwili ya saruji. Kwenye hema la bluu wapishi walikaa na sufuria zao wakimpigia simu Bofya, naye akawajibu kwamba mfumo unaonyesha wageni wanakula.

Hayo yote yangebaki kicheko. Lakini kutoka hemani mpaka kwenye basi kuna mtaro wa maji ya mvua, wa kina cha kiuno, na kivuko chake ni mbao mbili. Mjomba alishika njia, akawaambia yale aliyowaambia wageni maisha yake yote: "Fuateni nyayo zangu, mstari mmoja, msiniache." Wakunga, ambao walishamwamini, wakafuata mstari mmoja. Mjomba akatumbukia. Wa pili akatumbukia. Wa tatu akatumbukia akiwa bado anamsimulia wa nne habari za saruji, na wa nne akasimama ukingoni, akapanua mikono kuwazuia waliobaki.

Hao ni watu waliozoea kuvuta viumbe kutoka mahali pabaya, kwa hiyo wote watatu walitolewa haraka na kwa ustadi. Wakunga walikuwa na matope tu. Mjomba kifundo chake cha mguu kilikuwa kinavimba. Mkunga mkuu alimkalisha kwenye mfuko wa saruji, akamfunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwa, kisha akamshika kidevu na kumgeuzia uso kwenye mwanga.

"Baba, macho haya umeyaacha hivi tangu lini?"

"Ni vumbi la pangoni."

"Vumbi? Huyu mtoto wa jicho ameshafika umri wa kuoa."

Mjomba hakucheka. Kando yake Katibu alikuwa anafika kwa mara ya nne, safari hii bila wageni wake, amewaacha njiani na baiskeli zao.

Bofya alipata habari kwa njia aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa stoo akishangilia nyota zinavyoingia, nyota tano, nyota tano, nyota nne kutoka kwa yule wa mto, mara yakaja maoni ya safari ya pango: "Nyota tano. Pangoni hana mpinzani. Chakula kizuri, hotuba ndefu. Kiongozi wenu haoni, ametutumbukiza mtaroni. Mnampaje mzee wa watu kazi hii peke yake? Hamna haya?"

Aliyasoma mara ya pili akidhani ni maoni ya mtu mwingine. Kisha akatoka mbio, kandambili moja mguuni. Walikuwa wameshamleta Mjomba, amelazwa chumbani, na watembeza wageni wamejaa uani kila mmoja akiangalia miguu yake. Bofya hakuwasalimu.

"Mlijua?"

Mmoja akajisogeza nyuma ya Katibu.

"Nauliza, mlijua?"

"Tulijua," alisema Katibu.

"Wote?"

"Wote. Hata mwenye duka la soda."

"Na hamkuniambia! Mmekaa hapa mnanidanganya mtandao, mtandao, mimi nahangaika kama punguani, na mtu nusura avunjike shingo! Kwa nini hamkuniambia?"

Katibu alikuwa amelia njia nzima na sauti yake imekwisha, kwa mara ya kwanza tangu mji ule umjue. "Tulikuambia, Bofya. Tulijiandikisha wawili wawili kwenye huo mfumo wako, kila siku, miezi mitatu. Ulitaka tuandike wapi tena?"

Bofya alibaki amesimama pale uani, hasira yote ikimrudia mwenyewe, na haikuwa na pengine pa kwenda. Kisha akaingia chumbani.

Mjomba alikuwa kitandani, mguu juu ya mito. Mkewe alikuwa kwenye kiti, anakunja na kukunjua kanga moja. Bofya alisimama mlangoni, akayatafuta maneno ya kuzunguka, yale ya "wazee kwa ujumla". Hayakuja.

"Mjomba, wewe huoni," alisema.

Kanga ikasimama mikononi mwa mkewe. Hakuna mtu aliyewahi kulitamka neno lile ndani ya nyumba ile.

"Nani kasema?" aliuliza Mjomba.

"Mimi nasema."

Mzee alitabasamu, si kwa furaha, akaugeuza uso wake upande ilikotoka sauti.

"Mimi nilidhani unajua siku nyingi," alisema. "Nilidhani wewe ndiye uliyewapanga wale vijana nyuma yangu. Katibu ananisomea kila asubuhi: leo uko na fulani, leo uko na fulani. Nikawa najiambia, mtoto huyu ana akili. Ameona, hakutaka kunivunjia heshima, kaniwekea mtu kimya kimya kwenye mashine yake. Nilikuwa nakuombea dua, unajua?"

Bofya alishika fremu ya mlango.

"Halafu juzi Katibu akasoma: Mjomba, uko peke yako. Kila safari kiongozi mmoja. Nikamuuliza, nani kapanga hivyo? Akasema ni Bofya. Basi nilifurahi mimi! Nikasema, kumbe amenitazama vizuri, akaona bado naweza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi, lakini nikasema, kama Bofya kaona mmoja anatosha, mmoja anatosha. Muulize mama yako. Leo nilivaa shati jipya."

Shati lilikuwa limetundikwa dirishani, limefuliwa tayari, tope halijatoka.

Bofya aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata zile siku za kutukanwa kwenye simu. Aliketi chini, sakafuni, karibu na kitanda.

"Sikukutazama, Mjomba," alisema. "Nilitazama kompyuta. Wewe sijakutazama miaka miwili."

Alilia, na hakujificha. Mkono wa Mjomba ulimtafuta, ukapapasa godoro, ukapapasa hewa, ukampata kichwani. Ukakaa hapo. Mkewe akafuta macho kwa kanga, akasema kwa hasira kwamba yeye stuli ile ataichoma moto, amechoka kuisingizia.

Jumatatu asubuhi Katibu alikuja na wanachama, wamekuja kusoma kanuni na hakuna aliyetaka kuisoma. Wakaanza kusukumana mlangoni. Mmoja akapendekeza kanuni irekebishwe. Mwingine akasema kanuni inasema asiyeona, haikusema asiyeona vizuri. Mjomba aliwasikiliza wakibishana, kisha akajitokeza kwa fimbo.

"Acheni kunitia aibu," alisema. "Nilimwondoa rafiki yangu kwa kanuni hiyo, na alinililia. Niondoeni. Siku daktari akisema naona, nitakuja kuomba upya kama mtu mwingine yeyote, na mkinikataa nitawalaani."

Wakamwondoa hapohapo uani, Katibu akilia, na wote wakiwa wameshika kofia zao mikononi. Bofya alikuwa ameshavaa viatu vya kutokea.

"Hiyo hospitali ya macho nayo ina tovuti yako?" aliuliza Mjomba.

"Haina. Wao ni foleni."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Lakini nimeuliza. Wanasema mtoto wa jicho anatoka, si kazi kubwa."

"Wanasema," alisema Mjomba. Alisimama kizingitini, jua lote usoni. Wanafunzi wake wote walikuwa pale wanatazama, mtaa nao umefungua madirisha. Maisha yake yote watu ndio waliomshika yeye. Alikohoa, akanyoosha mkono, akauweka begani kwa Bofya, mchana kweupe, wakatoka.

Walikwenda taratibu kwa ajili ya mguu. Bofya alikuwa anatazama chini, anatazama mbele, anatazama uso wa mzee, anarudi tena chini.

"Kuna shimo kushoto, Mjomba."

"Nimeliona."

"Hujaliona."

Wakapiga hatua mbili tatu.

"Sijaliona," alisema Mjomba, akaukaza mkono begani.